Maji ya Samaki na Nyumba ya Warington

Mwaka 1849, katika jiji la London, mkemia mmoja jina lake Robert Warington, aliyekuwa akisimamia kazi za kemia katika chama cha wauza dawa cha jiji hilo, alitwaa chombo kikubwa cha kioo chenye kuchukua galoni 12, yaani lita 54 hivi, akakitia maji ya chemchemi kiasi cha nusu yake, akatandika chini mchanga, tope na vipande vya mawe, akapanda humo mche mmoja wa majani ya majini ya jamii ya Vallisneria, kisha akaweka ndani yake samaki wa dhahabu wadogo wawili. Wawili tu. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu, katika miaka yote iliyopita tangu siku zile, watu wasio na idadi wamekiiga chombo cha Warington wakaweka mfano wake sebuleni, lakini walioiiga hesabu yake ni wachache sana. Na takriban kila msiba wa maji unaompata mfugaji wa samaki nyumbani, kuanzia harufu mbaya mpaka vifo vya usiku mmoja, chanzo chake ni kule kupuuza hesabu hiyo.

Kufuga samaki ndani ya nyumba hakukuanzia Uingereza. Watu wa China walifuga samaki wa dhahabu tangu enzi ya ufalme wa Song, kwanza katika mabwawa ya mahekalu na ya majumba ya wakubwa. Na ilipofika enzi ya Ming samaki hao walikuwa wamekwisha kuingia majumbani, wakikaa katika mitungi mipana ya udongo na ya kauri, hata mwaka 1596 Zhang Qiande akaandika risala nzima juu ya ufugaji wao. Desturi ya wafugaji wale ilikuwa kuyabadili maji kila mara, na maji mapya kuyaacha kwanza yatulie. Hawakuwa na nadharia yoyote juu ya kinachoyaharibu maji ya zamani. Walikuwa na mazoea ya vizazi vingi na mikono iliyokuwa tayari kubeba ndoo, na kwa maoni yangu mikono ile ilikuwa na maarifa mengi kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye huko Ulaya. Samaki wenyewe walipovuka bahari kufika Ulaya katika karne ya 17 na ya 18, adabu ile ya ndoo haikusafiri pamoja nao. Waliwekwa katika mabakuli ya kioo ya mviringo, mengi yao yenye mdomo uliobanwa, umbo ambalo huyanyima maji nafasi ya kukutana na hewa. Wakafa, wakanunuliwa wengine, wakafa tena, na watu wakaona kwamba hiyo ndiyo ajali ya samaki.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wanawake wawili waliliendea jambo hili kwa bidii iliyopita ya wenzao, na tarikh haikuwapa haki yao upesi. Wa kwanza ni Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekaa Messina katika kisiwa cha Sisilia, ambaye mwaka 1832 alitengeneza matangi ya kioo ili apate kumchunguza kiumbe wa jamii ya pweza aitwaye Argonauta, akathibitisha kwamba gamba lake hulijenga mwenyewe wala halipori kwa mwingine. Yeye alikuwa na bahari karibu, na kwa mwenye bahari karibu maji machafu si tatizo kubwa. Wa pili, Anna Thynne, hakuwa na bahari. Mwaka 1846 alichukua matumbawe hai huko Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akayapeleka nyumbani kwake London, katika viunga vya kanisa la Westminster. Na kwa kuwa maji ya bahari kuletwa mjini kila siku ni taklifu kubwa, alimwamuru mtumishi wake ayamimine maji yale kutoka chombo hiki hata chombo kile mbele ya dirisha lililo wazi, akirudia na kurudia, ili yapate hewa. Jina la mtumishi yule halikuhifadhiwa kwa ajili yetu, ingawa mikono yake ndiyo iliyoyaweka hai matumbawe yale. Baadaye Bibi Thynne alitia mwani ndani ya vyombo vyake, na ile kazi ya kumimina ikapungua.

Warington alilielewa jambo hilo kwa njia ya elimu aliyokuwa nayo. Tangu mwaka 1771 Joseph Priestley alikuwa ameonyesha kwamba hewa iliyoharibiwa na mshumaa hutengenezwa tena na mche wa nanaa. Na mwaka 1779 Jan Ingenhousz alibainisha kwamba mimea haiifanyi kazi hiyo ila kwenye mwanga. Basi Warington alikusudia kupima kama yale yaliyothibitika katika hewa huthibitika pia katika maji: kwamba samaki hutoa hewa inayofaa mmea, na mmea hutoa hewa inayofaa samaki, na wawili hao wakiwekwa kwa kadiri iliyo sawa huweza kuishi pamoja pasipo maji kubadilishwa. Mambo yalikwenda vizuri mwanzoni, mpaka majani makuukuu ya ule mche yalipoanza kuoza, maji yakatibuka, utelezi wa kijani ukaenea juu ya kioo, na maisha ya samaki yakaingia hatarini. Hapo ndipo Warington alipofanya jambo lililompa sifa yake: alikwenda akatafuta konokono wa madimbwini, watano au sita, akawatia ndani. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi, maji yakarudi katika usafi wake, na mayai waliyotaga yakawa chakula cha samaki. Mwezi wa Machi 1850 aliwasomea habari hiyo wanachama wa Jumuiya ya Kemia ya London, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioiasisi mwaka 1841, na nadharia ya mizani baina ya mnyama na mmea ikaanza safari yake duniani.

Ni nadharia nzuri, na sehemu yake moja ni kweli. Lakini iliangalia pumzi peke yake. Samaki hatoi pumzi tu. Katika kukitumia chakula chake hutoa pia amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo haipiti katika haja zake, ila hupita mashavuni, ikayeyuka majini papo hapo, haina rangi wala haina umbo. Chakula kisicholiwa, majani yanayooza, kinyesi, hata mwili wa konokono aliyekufa nyuma ya jiwe, vyote mwisho wake huishia katika amonia. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa, yenye kupendeza macho ya kila mgeni, na huku yana sumu ya kutosha kuwaua wote waliomo. Warington alinusurika na hatari hiyo asiyoifahamu kwa sababu tatu: samaki wake walikuwa wawili na wadogo, mche wake ulikuwa ukiinyonya amonia kwa chakula, na katika mchanga na tope lile alilotandika chini kulikuwa na viumbe ambao, kwa zama zake, hakuna aliyewajua.

Watu waliomfuata hawakunusurika. Kodi ya kioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka 1845, kioo kikashuka bei; njia za reli zikawafikisha watu wa mijini ufukweni kwa siku moja; na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya namna yake kwa umma, iliyopangwa kwa msaada wa Philip Henry Gosse, ambaye mwaka uliofuata alitoa kitabu chake juu ya mambo haya, chenye michoro ya rangi iliyowatia watu wazimu wa kutaka kuimiliki bahari ndani ya vyumba vyao. Maelfu ya familia yakanunua matangi. Na kwa kuwa mnunuzi hulipia samaki, asilipie maji, kila tangi lilijazwa kwa kadiri macho yalivyotamani: kaa, kamba, samaki wa kila rangi, wote katika kijisanduku kisichofika nusu ya chombo cha Warington. Edmund Gosse, mwana wa yule mwandishi, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu jinsi madimbwi ya miamba ya pwani yalivyokombwa viumbe vyake na wakusanyaji waliochochewa na vitabu vya baba yake. Ama matangi yenyewe, mwaka 1868 kasisi J. G. Wood, mwandishi mashuhuri wa mambo ya viumbe, alikuwa akieleza kwamba tisa katika kila kumi yalikuwa yamekwisha kuachwa.

Katika kundi lile la wenye pupa alikuwamo mtu mmoja mwenye subira, William Alford Lloyd, aliyeanza maisha kwa kazi ya kujalidi vitabu, kisha akafungua duka la matangi na viumbe vya bahari huko London. Nampenda mtu huyu kuliko wote katika habari hii, kwa kuwa alijifunza kwa maji yenyewe. Lloyd aliona kwamba maji yaliyowekwa gizani kwa wingi, yakazungushwa bila kukoma baina ya hodhi ile ya giza na matangi ya maonyesho, hudumu yakiwa safi, wala hayahitaji kutupwa. Alitengeneza nyumba ya samaki ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, na ile ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, ambako hodhi ya chini ilishika maji mara kadhaa ya yale yaliyoonekana na watazamaji, na pampu zilifanya kazi mchana na usiku. Maana ya jambo hilo kwa mfugaji wa nyumbani ni kwamba samaki hagawiwi tangi. Hugawiwa wingi wa maji yote yanayomzunguka, yakiwamo asiyoyaona. Lloyd alidhani giza na mwendo ndivyo vilivyosafisha. Alikaribia mno ukweli, maana giza hasa huwapendeza wale wafanyakazi wasioonekana, na mwendo huwapelekea hewa. Lakini wenyewe hakuwajua.

Aliyewafuata mlangoni kwao alitoka katika nyumba ile ile ya Warington. Mkemia yule wa chama cha wauza dawa alikuwa na mwana aliyezaliwa mwaka 1838 na kupewa jina la baba yake, Robert, aliyelelewa katika jengo lile la chama, akajifunza kemia katika maabara ya baba. Wakati samaki wawili wa dhahabu walipokuwa wakiogelea katika chombo chao, yeye alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi. Alipokua alikwenda kufanya kazi Rothamsted, katika jimbo la Hertfordshire, mahali pa majaribio ya kilimo palipoanzishwa na John Bennet Lawes mwaka 1843, akaondoka, akarudi tena mwaka 1876. Kazi yake ilihusu ngano na mbolea, haikuhusu samaki. Swali lililowasumbua watu wa Rothamsted lilikuwa hili: amonia inayotiwa shambani kama mbolea huenda wapi, na kwa nini maji yanayochuruzika chini ya shamba hubeba nitrati, ile chumvi iliyomo katika shura?

Jibu la kwanza lilitoka Ufaransa. Mwaka 1877 Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji machafu ya mji, polepole sana, katika mrija mrefu uliojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 za mwanzo amonia ilitoka chini kama ilivyoingia juu. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, na baada ya muda amonia ikatoweka kabisa. Wataalamu wale wakatia mvuke wa klorofomu katika mrija, na kazi yote ikasimama. Wakaondoa klorofomu, wakatia maji ya udongo mbichi kidogo, kazi ikaanza upya. Kama mchanga wenyewe ndio uliobadili amonia kwa nguvu za kemia, klorofomu isingeuzuia. Na zile siku 20 za kungoja zisingekuwa na maana. Kitu kilicho hai ndicho kilichokuwa kikifanya kazi, nacho kilihitaji muda wa kuzaana.

Naomba msomaji azitafakari siku 20 hizo, kwa sababu ndizo zile zile zinazowaua samaki katika matangi mapya. Mtu hununua tangi Jumamosi, akalijaza maji, akatia samaki 15 jioni ile ile, na juma la pili au la tatu akawaona wakihema juu ya maji, mashavu yao mekundu, mmoja baada ya mwingine akilala ubavu. Hakuna ugonjwa uliowapata. Mchanga wao ni mpya, kichujio chao ni kipya, na viumbe wale waliokuwa wakingojwa na Schloesing na Müntz hawajazaana.

Warington mwana aliisoma taarifa ya Wafaransa, akairudia kazi yao na kuithibitisha mwaka 1878, akaendelea nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Aliona kwamba mwanga huwadhuru viumbe hao, na kwamba hawafanyi kazi pasipo chokaa au kitu kingine cha kuvunja asidi. Akaona jambo lililo kubwa zaidi, kwamba kazi hii ni ya makundi mawili, wala si ya kundi moja: la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, na la pili huichukua nitriti hiyo na kuigeuza kuwa nitrati. Alijaribu kuwatenga kila kundi peke yake, akashindwa, maana alitumia njia zilizozoeleka za kuwalisha bakteria kwa vyakula vinono, na hawa hawataki vyakula hivyo. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliwanyima kila chakula isipokuwa amonia na chumvi za madini, wakasitawi. Hii ni kwa kuwa miili yao huijenga kwa ile hewa ya kaboni iliyomo majini, na nguvu zao huzipata kwa kuiunguza amonia au nitriti. Makundi mawili yale aliyapa majina yanayotumika mpaka leo, Nitrosomonas na Nitrobacter.

Hivyo baba aliweka samaki katika kioo akaona majani na konokono. Na mwana, kwa njia ya mashamba ya ngano, akapata kilichokuwa kimejificha katika mchanga wa baba yake. Yamkini hakuna habari nyingine katika tarikh ya elimu ambayo baba na mwana waligawana fumbo moja kwa namna hii, kila mmoja akishika nusu yake.

Ajabu ni kwamba maarifa haya yalichukua zaidi ya nusu karne kurudi katika tangi la samaki. Wahandisi wa maji machafu waliyachukua mapema. Huko Lawrence, Massachusetts, kituo cha majaribio kilichoanzishwa mwaka 1887 kilikuwa kikipitisha uchafu wa mji katika matabaka ya mchanga na changarawe. Wafugaji wa samaki waliendelea kusifu mizani ya majani na hewa, na tangi likinuka walilimwaga lote, wakaosha mchanga kwa maji ya moto, wakasugua kila jiwe, yaani wakawaua kwa bidii wale waliokuwa wakiwaponya samaki wao, kisha wakashangaa kwa nini baada ya usafi mkubwa kama ule samaki walikufa zaidi. Mwaka 1958 mtaalamu wa Kijapani, Akinori Saeki, alichapisha utafiti wake juu ya matangi yanayozungusha maji yale yale, akieleza mchanga wa kichujio kuwa makao ya bakteria, unaoweza kukadiriwa ukubwa wake kwa uzito wa samaki na chakula wanachokula. Na mwaka 1970 Stephen Spotte wa Marekani aliyaeneza mambo hayo kwa kitabu kilichosomwa sana. Tangu hapo ndipo mchanga, changarawe na sifongo vilipoacha kuhesabiwa kuwa wavu wa kunasa uchafu, vikawa nyumba ya wafanyakazi.

Katika miaka hiyo hiyo samaki wa maziwa yetu wakaingia katika habari hii. Mwaka 1971 Mbelgiji Pierre Brichard alianzisha Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kituo cha kuwakamata samaki wadogo wa miambani na kuwasafirisha kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani. Na kutoka Ziwa Nyasa walikuwa wamekwisha kutangulia mbuna, samaki wa buluu na wa manjano wanaoishi juu ya mawe. Uzuri wao uliwapendeza watu, lakini ukali wao ukawatesa wenye matangi, kwa kuwa dume mmoja hushika jiwe lake na kumfukuza kila anayelikaribia mpaka amuue. Wafugaji wakagundua dawa moja: wakiwajaza wengi katika tangi moja, hakuna awezaye kumwandama mmoja peke yake, na ukali hugawanyika. Msongamano, ambao tangu mwanzo ulikuwa kosa, ukawa sasa mbinu inayofanywa kwa makusudi, na mzigo wote ukaangukia maji.

Tena maji ya Tanganyika yana tabia inayoongeza hatari. Amonia majini huwa katika hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyodhuru sana, na kipimo cha pH ndicho kinachoamua ipi itawale. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya sehemu 1 katika 100 ya amonia yake katika hali ya sumu. Yenye pH 8 huwa na sehemu 5 hivi. Na yenye pH 9, ambayo ndiyo hali ya Ziwa Tanganyika kwa kukaribia, huwa na zaidi ya theluthi. Ziwani hilo halimdhuru samaki, kwa sababu maji hayana mwisho mbele yake. Katika tangi la lita 100 lililojaa, kiasi cha amonia ambacho samaki wa dhahabu angekivumilia huweza kuwamaliza samaki wa Kigoma kabla ya asubuhi.

Kinyume chake nacho kina mtego wake, na huu ndio uliowadanganya wafugaji wengi. Bakteria wale hula chokaa ya maji wanapofanya kazi: kwa kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza, gramu 7 hivi za chokaa hutoweka. Tangi lililojaa samaki, lisilobadilishwa maji kwa miezi, huishiwa na chokaa yake, pH ikashuka, bakteria wakazorota, na amonia ikalimbikizana. Lakini kwa kuwa pH iko chini, amonia ile hukaa katika hali isiyodhuru sana, na samaki huonekana wazima. Siku moja mwenye nyumba huona uchafu, akamwaga karibu maji yote, akatia maji mapya ya bomba yenye chokaa nyingi. pH hupanda ghafula, amonia iliyosalia hugeuka sumu, na klorini ya bomba huwamalizia bakteria waliobakia. Vifo hivyo vilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa dalili kwamba maji mapya ni mabaya.

Kwa hiyo anayetaka kulitengeneza tangi dogo lililojaa huanza kwa kupima amonia, nitriti, nitrati na pH, kwa vile vipimo vya matone vinavyobadili rangi, kwa maana macho hayatamwambia kitu. Huacha kuwalisha samaki kwa siku moja au mbili, nao hawadhuriki, maana chakula ndicho mama wa amonia. Hubadili robo ya maji, akarudia kesho na kesho kutwa, badala ya kuyamwaga yote mara moja. Na maji mapya huyatoa klorini kwanza kwa dawa yake, hususan mahali ambapo mamlaka ya maji hutia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi usiku mmoja kama itokavyo klorini. Nitriti ikiwa juu, damu ya samaki huwa ya hudhurungi na kushindwa kubeba hewa, hata wakahema katika maji yaliyojaa hewa tele; chumvi ya kawaida, kidogo tu, huizuia nitriti isipite mashavuni, ikampa mfugaji nafasi ya kulitengeneza shina la tatizo. Sifongo la kichujio haoshi kwa maji ya bomba. Hulikamua mara chache ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, likabaki na weusi wake.

Kisha hupunguza samaki, na hapo ndipo pagumu kwa wengi, kwa sababu kila mmoja amekwisha kupendwa. Huwapeleka kwa mfugaji mwingine mwenye maji mengi, au huwarudisha kwa muuzaji. Hawamwagi mtoni wala ziwani, hata kama asili yao ni huko, maana samaki aliyechanganyika na wa nchi nyingine hubeba maradhi wasiyoyajua ndugu zake. Vipimo vikionyesha sifuri ya amonia na ya nitriti kwa majuma kadhaa, na nitrati peke yake ikipanda taratibu baina ya mabadiliko ya maji, aweza kuongeza mmoja au wawili, akangoja tena kabla ya kuongeza wengine; kwa kuwa bakteria wa uozo wa kawaida wanaopata chakula huongezeka maradufu kwa muda mfupi sana, lakini hawa wa Winogradsky huhitaji nusu siku au zaidi kwa kila mgawanyiko mmoja.